Mwito wa Tatu

"Mwite kama unavyomwita siku zote," injinia alisema. "Usimwite kama mtu aliyepotea. Mwite kama vile ugali umeshapakuliwa na yeye yuko huko nje anapiga soga."

Maneno mepesi hayo, kwa mtu asiye na mtoto mlimani. Nanzia alisimama katikati ya darasa la tano, mbele ya kinasa sauti kilichofungwa kwenye dawati kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nje ya madirisha watu wa Ngwashi walikuwa wamejibanza kimya. Hata wenye vikohozi walivimeza, maana walikwisha kuonywa kwamba kikohozi kimoja tu kingeharibu kazi.

"Namkunda wee!"

Jina lilitoka vilevile lilivyokuwa likitoka tangu mtoto alipojua kutambaa: linapanda, linajikunja, halafu ile "wee" inavutwa kama kamba ya ndoo. Wanawake waliokuwa nje wakashika midomo.

"Safi sana, mama," alisema injinia. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa aliyeitwa Lwitiko, mpole wa sauti, mwenye macho ya mtu asiyelala. "Sasa maneno ya pili. Haya ni ya pale atakapoitika. Mashine ikisikia sauti ya mtu itamfuata, itasimama juu yake, itawasha taa ya kijani na kumpa neno la kumtuliza asije akaondoka. Sema chochote ambacho wewe mama yake ungemwambia."

Nanzia hakuhitaji kufikiri.

"Nimekusikia, mwanangu. Kaa hapo hapo. Mama anakuja."

Hapo ndipo alipolia, naye Lwitiko akazima kinasa haraka ili kilio kisiingie.

*

Namkunda alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kama baba yake marehemu, mbishi kama mama yake. Jumamosi mchana alipanda mlimani kwa zamu yake ya kusugua nyavu. Tangu chemchemi zikauke, Ngwashi ilikuwa inakunywa ukungu: nyavu ndefu zilisimamishwa juu kwenye ukingo wa msitu, ukungu ukapita ukinaswa tone kwa tone, na matone yakateremka kwa bomba hadi kwenye ndiva, bwawa la kijiji. Kuvu ikiota kwenye nyavu, maji hunuka. Kwa hiyo vijana walipangiwa zamu, kila mmoja na brashi yake. Brashi ya Namkunda ilikutwa chini ya wavu wa mwisho, ikiwa bado na povu. Yeye hakuwapo, na ukungu siku ile ulikuwa mzito hata mtu asione mkono wake.

Jumapili mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kiangi, alipuliza baragumu la msaragambo, ile kazi ya wote ambayo Mpare akiisikia huacha hata chakula motoni. Kanisa lilifungwa. Watu wakapanda msituni kwa mstari, bega kwa bega, wakipiga miti kwa mapanga na kuita. Walikuwa wamefika nusu ya msitu Jumatatu gari la wilaya lilipoleta vipanga.

Ndivyo watu walivyoviita mara moja, vipanga, kwa vile mashine hizo zilivyotanua mabawa na kuelea bila kupiga kelele. Lwitiko aliwaeleza kwa ufupi. Katika ukungu wa mlima ule jicho la mashine halioni, na hata lile jicho linaloona joto la mwili hupofuka, kwa sababu maji yaliyomo hewani hulimeza joto. Kilichobaki ni sikio. Kipanga kinaita, kinanyamaza, kinasikiliza, kinahama. Na kwa kuwa mtu aliyeumia au aliyechanganyikiwa huogopa sauti za wageni, kinaita kwa sauti ya mama yake.

"Sasa naomba jambo moja," alimalizia Lwitiko. "Wote walioko msituni washuke. Nyayo zenu na kelele zenu zinaziba masikio ya mashine."

Mzee Kiangi alisita. Baragumu la msaragambo halijawahi kupulizwa kuwarudisha watu kazi ikiwa haijaisha. Lakini ni nani yeye wa kubishana na serikali yenye mabawa? Akalipuliza. Watu wakashuka mlimani na mapanga yao, wakakaa kwenye nyasi za uwanja wa shule, wakasubiri.

Na mlima ukaanza kuita.

Nanzia alikuwa amerudi uani kwake. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka juu ya mabonde, upande wa kulia, kisha kushoto, kisha mbali kabisa: Namkunda wee! Namkunda wee! Mbwa walibweka, wakamtazama yeye, wakautazama mlima, wakafyata mikia. Mama mkwe wake, Navoneiwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko, yaani bibi, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya maharage. Aliinua uso. Alimwona Nanzia amesimama mbele yake, mdomo umefumbwa, na sauti ya Nanzia inaita mlimani. Bakuli lilimponyoka. Alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili na midomo yake ikaanza kuchezacheza.

Anasali, maskini, Nanzia akawaza. Akaokota maharage mojamoja. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kukaa na bibi kizee yule na kumweleza mashine ni nini.

*

Walisikiliza wiki nzima na siku mbili juu yake. Kisha Lwitiko akaja uani kwa Nanzia, kofia mkononi, akasema mlima wote umesikilizwa, bonde kwa bonde, na hakuna mtu aliyeitika.

"Maana yake nini?"

"Maana yake, mama, kwa mujibu wa mashine, hayupo."

Neno hilo "hayupo" lilifanya kazi kuliko vipanga vyote. Polisi walilishika wakafunga faili: msichana wa miaka kumi na mitano, hayupo msituni, basi ametoroka. Kijiji kilipolipata kikalipikia mboga. Kuna aliyekumbuka kumwona akicheka na dereva wa lori la tangawizi. Kuna aliyesema alikuwa akitapika asubuhi. Watu walewale waliokuwa wamepanda kwa mapanga sasa walimpita Nanzia kwenye ndiva wakimsalimu kwa huruma ya upande upande, na hakuna aliyezungumza tena habari za kupanda. Mashine imesema. Wewe na miguu yako miwili utabishana na mashine?

Vipanga vilikusanywa, isipokuwa kimoja. Hicho hakikuitika kilipoitwa kurudi. Kilikuwa kinakula jua, kikilala juu ya miti usiku na kuamka ukungu ukipasuka. "Kitachoka chenyewe," Lwitiko alisema. Hakikuchoka. Kila alasiri kijiji kilisikia sauti ya Nanzia ikizunguka mlimani, na watu walikwisha kuizoea kama watu wanavyozoea kengele. Wengine walisema inafariji. Ni Koko tu ambaye kila ilipopita alijiziba masikio na kuchezesha midomo.

*

Ilikuwa siku ya kuosha tangawizi. Nanzia alikuwa nyuma ya nyumba na beseni limejaa tope, akamhitaji mtoto wake mdogo amletee maji.

"Nasemba wee!"

Kimya. Na alijua kabisa mtoto yuko kwenye migomba, hatua chache tu, anachezea majani makavu.

"Nasemba wee!"

Kimya tena. Damu ikampanda. Nyumba yenye msiba, na mtoto naye analeta kiburi!

"Nasemba!"

"Abee, mama!" Mtoto akatokea mbio, uso mkunjufu, kama asiye na kosa.

"Masikio umeyatia nta? Nakuita nakuita, unaninyamazia!"

"Sikukuona, mama."

"Lakini ulinisikia!"

"Nilikusikia, lakini sikukuona." Mtoto alishangaa kuulizwa jambo analojua kila mtu. "Koko alisema usiitike sauti ambayo mwenyewe humwoni. Kisicho mtu kinaita mara mbili tu, pumzi ya tatu hakina. Ukiita mara ya tatu ndiyo wewe. Na wewe ulisema tumsikilize Koko."

Alisema. Ni kweli alisema. Hata yeye mwenyewe alipoolewa Ngwashi alikuta sheria hiyo ndani ya nyumba hii, akaipenda. Koko alikuwa na kaka aliyeitika akiwa kando ya msitu, zamani, na hakuonekana tena. Tangu hapo, bibi yule alipenda kujisifu, nyumba yake haijapoteza mtoto kwa kuitika ovyo. Namkunda alilelewa mgongoni mwa Koko. Alinyonya sheria hiyo pamoja na uji.

Nanzia aliketi kwenye tope, tangawizi zikamwagika. Alikuwa anasikiliza. Alasiri ilikuwa imefika, na mlimani sauti yake ilikuwa inaita. Kwa mara ya kwanza aliihesabu.

Namkunda wee. Namkunda wee. Halafu upepo tu.

"Mungu wangu," Nanzia alisema. "Mungu wangu, Mungu wangu."

*

Lwitiko alikuwa amerudi kung'oa milingoti ya kunasia sauti za vipanga pale shuleni. Nanzia hakumsalimu hata.

"Mashine yako inaita mara ngapi?"

"Shikamoo, mama. Mara mbili kila mahali, inasubiri, inahama."

"Kwa nini mbili?"

"Betri. Halafu walipima kwa watu wengi: asiyeitika mara ya pili hana fahamu, au hayupo. Wakaona mwito wa tatu ni hasara." Akamtazama vizuri. "Kuna nini?"

Alimweleza. Alitegemea kijana wa chuo acheke, amwambie habari za ushirikina. Hakucheka. Aliweka nyundo chini, akaingia darasani, akafungua kisanduku kilichohifadhi yote yaliyosikiwa na vipanga.

"Mashine ilikuwa inatafuta maneno," alisema huku akipekua. "Sauti ya mtu anayesema. Kila kisicho neno iliambiwa ikitupe pembeni: tumbili, maji, matawi. Lakini haifuti. Sasa naiambia initafutie pumzi."

Walikaa kusubiri. Kisha ukatoka mlio wa msitu, majani na matone, na sauti ya Nanzia ikaita mara mbili. Ikafuata kimya. Na ndani ya kimya kile, karibu sana, pumzi fupi fupi za mtu aliyejibana.

"Inaweza kuwa mbega," Lwitiko alisema, lakini alisema polepole.

Mbega gani anajizuia kukohoa? Kikohozi kilikuja, kikakatwa katikati, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Nanzia alikijua. Alikuwa amekipaka mafuta ya karafuu masika yote.

"Hii ni wapi?"

"Juu kidogo ya nyavu. Siku ya kwanza." Akatafuta tena. "Na hii siku ya pili, juu zaidi. Na hii... ya nne." Alikuwa ametia alama kila mahali kwenye ramani ya mlima, na alama zilipanda tu, moja juu ya nyingine, kuelekea huko ambako hata wakata mbao hawafiki. Baada ya ile ya nne hakukuwa na nyingine.

"Sema," Nanzia alimwambia. "Sema unachokiona."

"Mama, naogopa."

"Sema!"

"Kila kipanga kilipomkaribia, alisogea. Alikuwa anakimbia."

"Anakimbia nini?"

Nanzia akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini kabisa: "Ananikimbia mimi."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu yule aliyesikia.

Lwitiko alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alisema bado kuna kile kipanga kimoja. Yeye hawezi kukifikia kwa mawimbi, kinapokea amri ya mtu aliye karibu nacho tu, kwa kitufe kilicho tumboni mwake. "Nikiwa mkweli kwako, mama, ndicho sikio pekee lililobaki mlimani. Faili limefungwa, wilaya haitaleta vingine. Ukikizima, hakuna anayemsikiliza tena. Ukikiacha, na kama bado yuko hai..."

"Kitaendelea kumfukuza."

"Ndiyo. Na kuna jingine. Vipanga kama hivi vimepelekwa milima mingi. Watoto wa huko nao wana bibi zao. Ili vibadilishwe viite mara tatu, lazima familia ieleze kwa nini mtoto hakuitika, na iseme mbele ya mkutano wa kijiji, mashahidi wakiwepo. Bibi atakuwepo."

Nanzia alirudi nyumbani. Siku zilizofuata alibeba jambo lile kama mwenye jipu kwapani, asiyeweza kuteremsha mkono. Angemwambiaje mwanamke aliyemlea mjukuu kwa mate yake kwamba sheria aliyomfundisha kumlinda ndiyo iliyompoteza? Koko hakuwa na kitu kingine duniani. Mume kazikwa, mwana kazikwa. Mnyang'anye na hilo, utamwachia nini? Heri anyamaze. Akishaamua hivyo, alasiri inafika na sauti yake inaita mara mbili huko juu, na anaona watoto wa milima mingine, asiowajua hata majina, wamejibana chini ya mawe wakisubiri mama zao wafike tatu.

*

Aliisema siku ya Jumapili, baada ya ibada, Koko akiwa kwenye kigoda chake. Aliisema yote bila kuzunguka, maana alijua akizunguka ataishia njiani.

Koko alisikiliza akitazama mikono yake.

"Mbili," alisema mwishowe. "Niliihesabu tangu siku ile ya kwanza. Wewe umesimama hapo, kinywa kimefungwa, na sauti yako iko kule. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Nikajua huyo si Nanzia. Baadaye mkasema ni mashine. Nikasema moyoni, sawa, ndilo jina lake la siku hizi."

"Mama, tungekueleza. Sisi ndio tuliokosa."

"Ngoja nimalize. Unaniona nimeziba masikio, midomo inacheza, mnasema bibi anasali. Nilikuwa nasali, ndiyo. Unajua nilikuwa namwambia nini Mungu?" Sauti ilimpasuka. "Nilikuwa naomba asiitike. Kila siku, Nanzia. Mpe akili mjukuu wangu asiitike. Na siku waliposema hakuitika, nilifurahi. Mimi! Nilifurahi, nikasema mtoto amekumbuka."

Nanzia alipiga magoti akataka kumkumbatia. Koko alimzuia kwa kiganja, bila ukali.

"Usinibebee. Ya kwangu nitayabeba mwenyewe. Mwambie Kiangi aitishe mkutano, nitasimama niseme kwa mdomo wangu, na watoto wawepo wasikie." Akavuta pumzi. "Wewe panda. Kaizime ile sauti, kabla haijamsukuma ng'ambo ya mlima. Kisha mwite mwenyewe, ukiwa na miguu chini. Umwite zote tatu."

Tangu siku hiyo Koko hakuinua tena uso kuutazama mlima.

*

Alimfikishia Kiangi ujumbe wa Koko, kisha akapanda peke yake. Alizipita nyavu zilizokuwa zikidondosha maji, akaingia msituni, akafuata mgongo wa mlima kwa zile alama za Lwitiko, hadi miti ikawa mifupi na yenye ndevu za kuvu. Chini ya jabali moja alikuta majani ya mdaa yametandikwa vizuri, kichwa upande wa juu, kama anavyotandika mtu aliyefunzwa kutandika kitanda chake. Majani yalikuwa yamekauka. Hakukuwa na kitu kingine, wala nguo wala mfupa. Nyayo, kama zilikuwepo, mvua ilizinywa.

Alisimama juu ya jabali akaita. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu aliita mpaka akaonja damu kooni. Kisha akangoja.

Jibu lilitoka chini yake, ndani ya ukungu.

"Namkunda wee!"

Nywele zilimsimama. Alijua ni nini, lakini zilimsimama. Sauti ilikuwa ya mwanamke asiyejua bado, mwanamke wa siku ile darasani, anayeita mtoto aje kula.

"Namkunda wee!"

Halafu kimya. Na Nanzia akajikuta, mtu mzima, ameushika mdomo wake, anasubiri mwito wa tatu. Haukuja. Hapo akaelewa, kwa mwili wake wote, jinsi mwanawe alivyosubiri.

Kipanga kisingekuja bila kuitikiwa, maana sauti inayoita kiliihesabu kuwa yake chenyewe. Lwitiko alimwambia hivyo. Akapanua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kuliko yake.

"Abee."

Ukungu ukapasuka, kipanga kikaja. Kilikuwa kimechakaa, bawa moja limeota ukijani. Kilizunguka mara moja, kikashuka hadi usawa wa uso wake, na taa ya kijani ikawaka. Kikasema yale maneno ambayo kilikuwa kimeyabeba msitu mzima bila kupata wa kumwambia.

"Nimekusikia, mwanangu. Kaa hapo hapo. Mama anakuja."

Alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na vuguvugu la jua. Kidole chake kilikipata kile kitufe tumboni, lakini hakukibonyeza, na mashine ikarudia, kama ilivyofundishwa kurudia mpaka msaada ufike: Nimekusikia, mwanangu. Kaa hapo hapo.

Alikibonyeza. Taa ikafa.

Mlima ukanyamaza kwa mara ya kwanza tangu masika. Miito miwili ilikuwa bado inaning'inia huko bondeni bila wa kuimalizia. Nanzia alijaza kifua, akaita ule wa tatu.

"Namkunda!"

Kisha akaketi juu ya jabali, kipanga mapajani, miguu chini, mahali ambapo mtu yeyote angemwona. Akakaa hapo hapo, kama alivyoambiwa.